Mkono wa Ndoo

Kling.

Sauti ilikuwa ndogo, ya chuma kugonga bati, lakini ilimwamsha Mektrida kuliko radi. Ulikuwa mkono wa ndoo, ile ndoo ya bati iliyokaa nje ya mlango wake, umeanguka upande mmoja na kutulia. Baada ya hapo, kimya. Nje kulikuwa bado giza, majogoo hayajaanza, na upepo wa bwawani ulikuwa umelala kabisa, hata mtu asingeweza kuusingizia.

Kwa miaka miwili, kila alipoisikia sauti ile, mdomo wake ulitangulia akili.

"Jovin?"

Hakujibu mtu. Hakuna aliyewahi kujibu.

Alinyoosha mkono akampapasa binti yake Violet, wa miaka sita, aliyelala upande wa ukutani. Mtoto alikuwa amejikunja, shuka hadi masikioni. Miguu yake ilikuwa ya baridi kama mawe ya mtoni. Mektrida akaipikicha kwa viganja huku mwili ukimsisimka. Wanawake wa kambi ile ya wavuvi walikuwa wakisema kwamba aliyekufa majini akimpitia mwanawe humwachia ubaridi.

"Mama Violet," sauti iliita kutoka upande wa pili wa pazia. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na mimi nimesikia." Kitanda cha kamba kililia, mama mkwe wake akiinuka. "Yesu na Maria! Mwanangu amekuja. Siku ya tatu, kama Bwana wetu, amekuja."

Kisha Bibi Flavia akaanza kulia, kilio cha chini chenye furaha ndani yake, cha mtu aliyepata alichokifuata mbali. Mektrida aliuma ncha ya khanga yake asilie naye. Maana katika ile kling moja, shauri lake lilikuwa limekatwa.

Miaka minne nyuma yeye na Jovin walikuwa na mibuni yao kule Mwika, juu mlimani, chini ya migomba ya ukoo. Kahawa iliposhuka bei hadi watu wakaanza kuing'oa na kupanda nyanya, Jovin alimwambia mkewe, "Tushuke bwawani. Samaki hangoji mnada." Wakashukia bwawa la Nyumba ya Mungu, kwenye joto na mbu, wakajenga kibanda cha udongo na mabati kando ya maji. Aliyemfundisha Jovin kushika kasia alikuwa Urbanus, kijana aliyezaliwa kwenye nyumba za wakata miwa kule mashambani, baba yake akiwa mtu wa Songea. Wakavua pamoja. Alfajiri Jovin alikuwa akipita kwanza nyumbani, anatumbukiza perege wawili ndani ya ndoo, anauachia mkono wa ndoo uanguke, kling, ili mkewe ajue amerudi salama. Hapo ndipo anakwenda kuuza.

Hadi usiku mmoja alipokwenda peke yake, kwa kuwa Urbanus alikuwa na homa. Mtumbwi ulikutwa umepinduliwa, ubavu umepasuliwa na kiboko. Walitafuta siku tisa. Hawakupata hata kandambili. Kule Mwika misa ilisomwa bila jeneza, na mzee wa ukoo akatoa neno: "Sisi hatuziki hewa. Leteni hata nguo aliyoivaa siku ile tuilaze kihambani, kwenye shamba la ukoo, karibu na baba yake. Bila hivyo Jovin bado yuko safarini, na mke wake ni mke wa msafiri."

Siku ya arobaini, alfajiri, ndoo ikalia. Ndani kulikuwa na perege wawili wabichi.

Tangu siku ile hawakulala njaa. Mara mbili kwa juma, wakati mwingine tatu, mkono wa ndoo ulianguka na samaki wakawa pale. Kambi nzima ilijua. Wanaume walipita mbali na kibanda kile. Na mwezi uliopita Urbanus alipomwambia Mektrida, mchana kweupe, huku wakigeuza samaki kwenye kichanja, "Mimi na wewe tunakula moshi mmoja, kwa nini tusikae nyumba moja?", Mektrida alimtazama macho yale ambayo kwa miezi mingi alikuwa akiyakwepa, akajibu, "Nitaolewaje na wewe, Urbanus, wakati mwenye nyumba bado ananiletea kitoweo?"

Urbanus alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akaendelea kugeuza samaki.

Lakini moyo haufungwi kwa kamba. Mektrida aliandika barua Mwika, akaeleza yote: posa, ndoo, na hofu yake. Jibu lilikuja kwa miguu. Bibi Flavia mwenyewe aliteremka, amefuatana na mwanawe mkubwa Kornel, amebeba ndizi zake, maziwa yake na sufuria yake iliyofungwa kwa kitenge, kwa sababu yeye na samaki hawakuwahi kusalimiana. "Ni nyoka tu aliyepewa mapezi," alisema, akaziba pua. Akakaa kwenye kigoda, akatoa hukumu:

"Nitalala hapa usiku tatu. Ndoo ikilia, mwanangu bado yuko hapa na wewe ni mkewe. Tutapanda wote Mwika, utakaa kwenye nyumba yake, utalea mtoto wake, na habari ya mwanamume mwingine nisiisikie. Isipolia, basi tutaongea kama watu wazima."

Usiku wa kwanza ndoo ilinyamaza. Wa pili, ikanyamaza. Jioni iliyopita bibi alikaa mlangoni, mjukuu wake mapajani, akaitazama ndoo hadi giza likaingia. "Anaogopa nini mwanangu Jovin?" alimwambia Violet, kama anayeongea na mtu mzima. "Watu wote wa huku amewaita. Mimi niliyemzaa ananikataa." Na machozi yake yakadondoka kwenye nywele za mtoto.

Ndipo alfajiri hii ikaja.

Mektrida aliwasha kibatari, akafungua mlango, akamulika. Ndoo ilikuwa pale pale. Mkono wake ulikuwa umelala upande wa kushoto, jioni aliuacha upande wa kulia. Ndani hakukuwa na kitu.

"Hakuna samaki, mama," alisema.

Bibi Flavia alikwisha simama nyuma yake, rozari mkononi. Akachungulia ndooni, akatabasamu huku machozi yakimshuka.

"Atamletea mama yake samaki? Anajua siwali."

*

Kulipopambazuka vizuri, Kornel alirudi kutoka kwenye nyumba ya wageni alikolala. Aliposikia habari alisimama kidogo, akavua kofia, akaivaa tena.

"Basi maneno yamekwisha," alisema. "Gari la kwenda Kifaru, kwenye barabara kuu, linapita saa nne. Shemeji, funga vyako."

"Saa nne hii, shemeji? Nina samaki motoni."

"Waachie wenyewe. Huko juu tuna maharage."

"Shemeji, mimi si mzigo wa kufungwa na kupakiwa."

"Nani kasema mzigo?" Kornel hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. "Wewe ndiye uliyeandika barua. Wewe ndiye uliyetaka tujue. Haya, tumejua. Mume wako yupo, na hataki. Au unataka kumjibu, 'Samahani mume wangu, nimepata chasaka mmoja wa kwenye miwa, naomba nipishe'?"

"Kornel!" alikemea mama yake. "Usimtukane mtu asiyekuwapo."

"Sijatukana, mama. Mtu asiye wa mlimani ni chasaka, hata umfunge tai."

Mektrida alitoka nje. Alikwenda kwenye kichanja chake, nyuma ya kibanda, ambako samaki wa Kwaresima walikuwa wamepangwa juu ya waya kama wanafunzi mstarini, moshi ukiwapanda. Kaskazini mlima ulikuwa wazi, kofia yake nyeupe ikishika jua la kwanza. Huko ndiko atakakokaa: nyumba tupu, kitanda tupu, akimlea mtoto wa mtu aliye safarini. Ana miaka ishirini na saba.

Alisikia hatua kwenye mchanga. Hakuhitaji kugeuka.

"Mektrida!"

Urbanus alikuwa akitoka majini moja kwa moja, suruali imekunjwa hadi magotini, kasia begani. Alikuwa mrefu, na sauti yake siku zote ilikuwa ya chini, kama anayeogopa kuwafukuza samaki. Lakini asubuhi hii ilikuwa na kicheko ndani.

"Siku tatu zimekwisha," alisema. "Nimehesabu hadi jua. Shikamoo nimpelekee mama sasa hivi, au ngoja nikaoge kwanza? Asije akaniita nyoka mwenye mapezi."

Mektrida alimgeukia. Kicheko kikamtoka Urbanus usoni.

"Kuna nini?"

"Imelia."

"Nini imelia?"

"Ndoo. Alfajiri hii."

Urbanus aliteremsha kasia polepole. "Haiwezekani."

"Mama ameisikia. Mimi nimeisikia."

"Nakwambia haiwezekani."

"Miaka miwili inalia, leo kwa nini isiwezekane?"

"Kwa sababu leo sikuja!"

Neno lilimtoka, na hapo hapo akaonekana anataka kulikimbilia alirudishe. Mektrida alisikia moto ukipasua ukuni chini ya samaki.

"Rudia."

"Mektrida..."

"Rudia ulilosema, Urbanus."

Aliketi juu ya gogo kama mtu aliyekatwa miguu. "Ni mimi. Perege wale ni wangu. Tangu siku ya arobaini."

"Wewe."

"Mimi. Siku ile nilimwona Violet akilamba mwiko mkavu. Nikasema nitaweka samaki niondoke, sitaki shukrani. Mkono wa ndoo ukaniponyoka. Nikasikia umeita ndani, 'Jovin?' Nikabaki pale kama kisiki. Ningejibu nini? Ningesema, si Jovin, ni Urbanus? Kwa ile sauti uliyomwitia? Nikakimbia."

"Hiyo ni mara ya kwanza. Na ya pili? Na ya mia?"

Urbanus aliinamisha kichwa.

"Ya pili nikauangusha kwa makusudi. Nilitaka kusikia ukiita. Hata kama jina halikuwa langu."

Mektrida alijikuta amekaa chini, mchangani, kijiti cha kugeuzia samaki bado mkononi. Miaka miwili. Miaka miwili amepiga magoti kando ya ndoo akisali. Amewaambia majirani wasiitie maji machafu. Ameikausha kwa khanga yake safi.

"Unajua umenifanya nini?" alisema, na sauti yake ikatoka ndogo. "Nimekukataa wewe kwa ajili yako wewe."

"Najua."

"Usiku nikiwaza uso wako nilikuwa natubu! Nilijiona malaya, nawaza mwanamume huku mume wangu yuko mlangoni na samaki mkononi. Na mlangoni ulikuwa wewe!"

"Nilitaka kusema siku ile uliponijibu. Niliogopa utanichukia. Halafu mama yako mkwe akaja na usiku wake tatu, nikaona Mungu amenifungulia: nikae kimya siku tatu tu, mambo yaishe yenyewe. Nilijifunga mguu kwenye mtumbwi, Mektrida. Kweli, kwa kamba. Nisije nikasahau nikaja."

Angeweza kucheka. Siku nyingine angecheka. Lakini swali lilikwisha ingia kati yao, na wote wawili walilisikia likikaa.

"Basi aliyekuja leo," alisema Mektrida, "ni nani?"

Urbanus alitazama bwawani. Maji yalikuwa yametulia, rangi ya majivu, matete yamesimama bila kutikisika.

"Ni yeye," alisema. "Amekuja mwenyewe. Amechoka kunisubiri."

"Akusubiri wewe kwa lipi?"

"Amefuata nguo yake."

"Nguo gani?"

Kabla hajajibu Mektrida alikwisha jua, jinsi mtu anavyojua habari ya msiba kwa kumtazama aliyeileta.

"Sweta," alisema Urbanus. "Ya kijivu. Niliikuta siku ya nne ya kumtafuta, kwenye matete, imenasa kwenye wavu. Peke yake. Nilikuwa peke yangu."

"Sweta aliyofumiwa na mama yake."

"Hiyo."

"Mzee wa ukoo aliomba hata kitambaa. Ulisikia. Ulikuwa umekaa pale pale chini ya turubai la msiba kule Mwika, ulisikia! Mama yake alikuwa anagaragara chini, akisema mpeni hata kifungo. Na wewe ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo chini ya godoro."

"Kwa nini?"

"Wangepata cha kuzika, wangekuchukua siku hiyo hiyo. Wewe na mtoto. Mngepanda mlimani na mimi nisingekuwa na sababu ya kukuona tena hadi nife." Alimtazama sasa, macho yamejaa. "Nilikupenda yeye akiwa hai, Mektrida. Sikusema, sikugusa, hata kwa jicho. Alikuwa ndugu yangu. Lakini alipokufa niliiba. Sikuiba samaki wala wavu. Nilimwibia kaburi."

Mektrida alisimama. Alitaka kumpiga. Alitaka pia, na hili lilimtia hasira zaidi, kumshika kile kichwa kilichoinama akiweke kifuani. Hakufanya hata moja. Aliipangusa mikono yake kwenye khanga, kidole kimoja kimoja.

"Nenda kailete."

"Watanipiga."

"Watakupiga. Nenda kailete."

*

Kornel alikuwa amekwisha toa magunia mawili nje. Violet alikaa kizingitini, ndoo katikati ya miguu yake, akiizungusha taratibu. Bibi Flavia alikuwa anakunja kitenge cha sufuria yake aliposikia mtu anabisha.

"Hodi."

"Karibu. Wewe ni nani?"

"Shikamoo, mama. Mimi ni Urbanus."

"Marahaba." Bibi alimpima toka juu hadi chini. "Ndiye wewe. Sasa mwanangu, umechelewa. Mwenye mke amekwisha sema."

"Ndiyo, mama. Nimeambiwa. Ndiyo maana nimekuja."

Hakungoja kigoda. Alipiga magoti mchangani, akafungua mfuko wa unga aliokuja nao, akatoa sweta iliyokunjwa vizuri, ya kijivu, yenye mstari mwekundu kifuani. Ilikuwa imefuliwa. Ilinukia sabuni ya kipande.

Bibi Flavia aliipokea kwa mikono miwili. Hakuitazama kifuani. Aliigeuza, akatafuta chini ya kwapa la kushoto, akatia kidole kwenye kishimo kilichozibwa kwa uzi mwekundu.

"Hapa nilikosea kushona," alisema taratibu. "Uzi wa kijivu uliniishia. Nikamwambia, usinyanyue mkono watu wataona. Akanyanyua mkono makusudi mbele ya kanisa zima." Akaiweka usoni. Mabega yake yakaanza kutikisika.

Kornel ndiye aliyeelewa wa pili. "Umeitoa wapi hii? Lini?"

"Siku ya nne. Tulipokuwa bado tunamtafuta."

"Miaka miwili?" Kornel alimkamata Urbanus shingoni kwa mkono mmoja na kuuinua wa pili. "Miaka miwili mama yangu anaongea na ukuta, na wewe umelalia nguo ya ndugu yangu? Mbwa wewe!"

Urbanus hakuinua hata kiwiko kujikinga.

"Mwache," alisema bibi ndani ya sweta.

"Mama!"

"Nimesema mwache, Kornel. Ukimvunja mkono, nani atabeba?" Alishusha sweta usoni. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. "Sema wewe mwenyewe. Kwa nini?"

"Kwa ajili yake, mama." Hakumtazama Mektrida. "Niliogopa mtamchukua. Na samaki wa kwenye ndoo vilevile nilikuwa ninaleta mimi, siku zote. Isipokuwa leo. Leo nilikuwa majini. Naapa mbele ya Mungu, leo sikuja. Leo amekuja mwenyewe kudai chake, na mimi siwezi kushindana na mwenye mali."

Bibi Flavia aliisugua ile sehemu ya uzi mwekundu kwa kidole gumba. Akamgeukia mkwewe.

"Na wewe, ulikuwa unajua?"

"Nimejua asubuhi hii, mama. Kichanjani."

"Unamtaka bado?"

Hilo ndilo swali ambalo Mektrida hakulitegemea, si kwa mdomo ule. Alimtazama Urbanus, magoti mchangani, alama za vidole vya Kornel shingoni. Alimwona jinsi alivyokuwa alfajiri zote zile, gizani, anasimama nje ya mlango akisubiri kuitwa kwa jina la mtu mwingine. Akamwona pia chini ya turubai la msiba, amekaa kimya.

"Sijui, mama," alisema. "Nikisema ndiyo nitakuwa nimemkanyaga Jovin. Nikisema hapana nitakuwa nimekudanganya."

"Umejibu vizuri." Bibi alishusha pumzi. "Basi nisikilizeni, maana gari halingoji. Mwanangu hakuja kwa ajili ya mke. Nilidhani hivyo, nilikosea. Alikuja kwa ajili ya nguo yake. Alikuwa anasikia baridi. Tutapanda leo, tutamlaza kihambani karibu na baba yake, na padri ataleta maji ya baraka. Mama Violet, utapanda kama mjane anayekwenda kuzika, si kama mke anayekwenda kungoja. Arobaini ikiisha, mguu wako ni wako."

"Na mtoto?" aliuliza Kornel.

"Mtoto ana mama. Likizo atakuja kwa bibi yake kula ndizi, anukie vizuri."

"Asante, mama," alisema Mektrida.

"Wewe," bibi alimwambia Urbanus, "hiyo sweta utaibeba wewe hadi Mwika. Mikononi, si kwenye mfuko wa unga. Ukifika mpakani pa kihamba utachuma jani la isale, utaomba msamaha mbele ya ukoo mzima. Aliyepelekewa isale hana ruhusa ya kukataa, kwa hiyo tutakusamehe, hata Kornel huyu, meno yamuume yasimuume. Lakini kusamehewa ni kitu kimoja, kupewa mke ni kingine. Hicho cha pili hakiko mkononi mwangu."

"Ndiyo, mama."

Urbanus aliinuka, akaipokea sweta kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu atoke kichanjani alithubutu kumtazama Mektrida, na katika macho yale hakukuwa na ombi lolote, uchovu tu, wa mtu aliyetua mzigo na bado anauhisi begani.

"Usinisubiri," Mektrida alimwambia kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. "Sijui nitarudi na moyo gani."

"Sawa."

"Ila ukija, siku yoyote utakayokuja, njoo mchana. Ubishe hodi. Useme jina lako."

Urbanus aliikumbatia sweta kifuani. Akaitikia kwa kichwa.

Kornel alibeba magunia akielekea barabarani, akinung'unika Kichagga chake peke yake. Jirani aliitwa aangalie samaki wa motoni. Bibi Flavia alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama mbele ya ndoo ya bati, akainama kwa shida, akaugusa mkono wake kwa vidole viwili kama anavyogusa maji ya baraka mlangoni mwa kanisa.

"Asante, mwanangu," aliiambia. "Asante kwa kunisikiliza. Ningepanda mlimani na kukufunga mkeo bure, kama usingeniita leo mwenyewe kwa mkono wako."

Violet, aliyekuwa ameshika mkono wa mama yake, aliuachia. Aliitazama ndoo, akamtazama anko Urbanus aliyeikumbatia ile sweta, kisha akamtazama bibi yake. Mektrida aliikumbuka ile miguu ya baridi kitandani.

"Bibi," alisema mtoto, "leo ndoo niliigonga mimi, ili umsikie baba."